Gia boksi ya mashine nyingine kwenye Enduro 40, itakubali?

nahodha_wa_Wete

Assalaam alaykum jamaa.

Nina boti ya faiba ya futi 24 hapa Wete. Inapeleka watu na mizigo Fundo na Njao, na bahari ikitulia tunatoka nje ya mlango kwa mshipi. Mashine ni Yamaha Enduro 40 (nguvu farasi 40), ya kuvuta kwa mkono, mguu mrefu. Juzi ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka miamba iko nje, kijana wangu akakata njia juu ya matumbawe badala ya kuzunguka na mkondo. Pezi la chini limekatika lote, na nyumba ya gia imepata ufa unaoanzia kwenye mzizi wa pezi ukapanda mpaka jirani na skrubu ya chini ya oili. Propela imekunjika bawa moja. Huku juu mashine haina neno, inawaka kwa mvuto mmoja. Lakini oili niliyoimwaga imetoka nyeupe, maji yashaingia.

Sasa nimeletewa bidhaa mbili. Kuna gia boksi nzima ya mashine ya Kichina ya 40, iko hapa hapa Wete, rangi imebambuka na nembo haionekani, mwenyewe anataka laki sita. Na kuna jamaa Mkoani ana gia boksi ya Yamaha 30, laki nne na nusu, anasema ni safi. Mpya ya dukani nimetajiwa bei nikanyamaza.

Fundi wangu anasema yoyote itaingia, "tutachonga kidogo na kutoboa tundu mpya". Hilo neno kuchonga ndilo lililonileta hapa, maana chombo hichi kinabeba watu. Kwa mwenye kujua: nitizame kitu gani kabla ya kutoa pesa? Na katika hizo mbili, ipi ina matumaini?

Mkojani

Yakhe usijitie presha. Mimi nimeshahamisha mguu (gia boksi na shafti yake) wa mashine ya 9.9 kwenye 15, na wa 15 kwenye 9.9, bila kugusa tupa. Yamaha ni Yamaha. Chukua hiyo ya 30 ya Mkoani, bolti zikikutana kaza, rudi kazini.

fundi_Mkokotoni

Wa alaykum salaam nahodha, na pole.

Kabla ya habari ya kununua: hiyo gia boksi uliyoimwaga oili usiiache ikae. Oili ikishatoka, maji ya chumvi yanabaki kwenye beringi na gia, na chuma kitupu kwa hewa yetu hii kinashika kutu kabla hujamaliza kutafuta pesa. Ifungue leo, ioshe kwa dizeli, ipake oili kila mahali, ifunike. Vitu vya ndani huenda ukavihitaji.

Mkojani, la 9.9 na 15 ni kweli, na ndilo linalowapoteza watu. Zile ni ndugu wa tumbo moja: bloku moja ya sisi 246 (ujazo wa silinda), mguu mmoja, meno ya gia 27 kwa 13. Iliyo 9.9 imebanwa pumzi tu. Ukibadilisha mguu baina yao hujabadilisha kitu. Lakini 40 ya Enduro ni sisi 703, na 30 ya Yamaha ni sisi 496. Hizo ni nyumba mbili tofauti, jina la ukoo tu ndilo linalofanana. Gia za 30 zimetengenezwa zibebe nguvu ya 30. Hata ungelilazimisha ikaingia, siku ya kwanza umepakia watu na magunia ya mkaa, kusi linapiga, ndiyo siku ya kusikia "kraa" katikati ya mlango wa Fundo. Mimi ya Mkoani ningeiacha huko huko.

Sasa ya Kichina. Mashine nyingi za Kichina zimenakiliwa kutoka Yamaha za zamani, na zipo ambazo mguu wake unavaa kwenye Enduro moja kwa moja. Zipo pia zinazokaribia kuvaa, na hizo ndizo mbaya zaidi. Kwa hiyo usisikilize maneno ya muuzaji wala ya fundi wako wala yangu. Pima. Na unapopima, bolti ziwe za mwisho. Watu wote huanza na bolti kwa kuwa zinaonekana, zikikutana wanafurahi. Bolti zinashika nyumba tu, hazijui ndani kuna nini.

Anza na kichwa cha shafti, pale juu kinapoingia kwenye krenki. Hesabu splaini (yale meno marefu ya kwenye shafti) za shafti yako, hesabu za ile nyingine. Pima unene kwa venia (kile kipimo cha taya), usipime kwa macho. Zikiwa sawa, tizama kama zimelika, yaani ncha zake zimekuwa kali kama za msumeno au bado zina mgongo. Shafti yenye splaini zilizolika inakula krenki, na krenki ikilika ndiyo khasara yenyewe, hapo unafungua bloku nzima kwa ajili ya mguu wa laki sita.

Na kwa kuwa tuko hapo: siku ya kufunga, grisi paka ubavuni kwenye splaini tu. Juu ya kichwa usipake hata kidogo. Grisi ikijaa kwenye tundu ya krenki haina pa kutokea, shafti haikai mpaka mwisho, nawe unakaza bolti ukidhani uso umekutana kumbe unaisukuma krenki kwa juu.

Halafu urefu. Mguu mfupi ni wa tezi (ubao wa nyuma inaponing'inia mashine) ya inchi 15, mrefu ni wa inchi 20. Inchi 5, milimita 127. Ulaze mguu wako na huo mwingine ubavu kwa ubavu, upime kutoka uso wa juu wa nyumba mpaka ncha ya shafti. Mara nyingi nyumba ya gia ni ile ile kwa mfupi na mrefu, kinachobadilika ni shafti, fimbo ya gia na bomba la maji. Ikiwa tofauti ni hiyo 127 au jirani yake, bado kuna la kufanya. Ikiwa tofauti ni kidogo, kama milimita 6 au 10, achana nayo. Hiyo ni ya mashine nyingine kabisa.

Fimbo ya gia nayo. Kuna zinazopanda na kushuka, kuna zinazojizungusha. Hizo mbili hazioani hata ukafanya nini. Ikiwa zote ni za kupanda na kushuka, tizama inapanda kiasi gani kutoka mbele mpaka nyuma, na kama ni upande ule ule, isije ukavuta mbele chombo kikarudi nyuma kwenye ngazi ya Wete mbele ya watu. Ile klachi ya ndani ina meno makubwa yenye pembe, na ikiingia nusu, pembe zinaviringika. Kila ukipakia mzigo gia inaruka. Watu watakwambia propela imekufa mpira, kumbe fimbo imepungukiwa milimita chache.

Bomba la maji ndilo nililoona likiua mashine nyingi. Liko ndani ya mguu wa juu, huoni wakati unafunga, linaingia kwa kupapasa kwenye mpira ulio juu ya pampu. Nililetewa 40 kutoka Tumbatu, imegandisha pistoni. Mguu ulikuwa wa mashine nyingine na tundu ya pampu ilikuwa imepishana na bomba kiasi cha upana wa kidole kidogo. Aliyefunga alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungusha pale na waya wa kufungia nyavu. Pembeni ya diko ilikuwa inakojoa (ule mchirizi wa maji ya kupoza) vizuri tu, kila mtu akaridhika. Ukiikaza, presha inapanda, maji yanatokea ubavuni kwenye mpira, na kule juu hayafiki ya kutosha. Nilipouvuta mpira ulikuwa umechanika kwa urefu, na waya umekula alama kwenye bomba.

Kwa hiyo: unene wa bomba, mahali lilipo, na urefu wake. Vyote vitatu.

Moshi. Mashine yako inatoa moshi na maji kupitia katikati ya propela. Mdomo wa moshi kwenye uso wa juu wa gia boksi lazima ukabiliane na wa mguu wa juu. Chukua karatasi ngumu, iweke juu ya uso wa mguu wako wa zamani, gonga kwa kidole pembezoni mpaka ichorwe: tundu za bolti, pini, shafti, maji, moshi. Kisha ipeleke ukaiweke juu ya ile unayotaka kununua. Dakika tano na huhitaji kubishana na mtu.

Mwisho uwiano wa gia. Enduro 40 yako ni 26 kwa 13, krenki mbili propela moja. Weka gia mbele, tia alama ya chaki kwenye propela, zungusha shafti kwa mkono uhesabu mpaka propela itimize mizunguko 10. Ukipata 20 ni sawa na yako. Ukipata 18 na nusu hivi, hiyo ni 24 kwa 13. Usizungushe mara moja ukadhani umejua, tofauti haionekani. Na zungusha upande wa saa tu ukitizama kutoka juu, ukirudisha nyuma unayakunja mabawa ya impela (ile ya ndani ya pampu ya maji) upande usio wake.

Tofauti hiyo si ndogo. Enduro 40 kazi yake ni baina ya mizunguko 4500 na 5500 ikiwa wazi kabisa. Kwa 5500, gia yako inaipa propela 2750. Gia ya 24 kwa 13 inaipa karibu 2980. Inavutia kwenye karatasi, lakini mashine ni ile ile na mzigo ni ule ule, hivyo haitafika 5500. Itajikokota, itakula mafuta, itajaza masizi. Inarekebishika kwa kushusha pichi ya propela (ule mlalo wa mabawa, unaopimwa kwa inchi), kila inchi moja ni kama mizunguko 150 mpaka 200 ya mashine, ila hapo ununue na propela. Na hata ukipata 20 kamili, jaribu propela yako kwenye shafti yake ya nyuma, kwa sababu splaini za huko nazo zinatofautiana.

Jingine kwa ajili ya wote wanaosoma. Ukiwa na kitu cha Yamaha chenye namba ya spea, herufi na tarakimu tatu za mwanzo ni za mashine ambayo kitu kile kilitengenezewa mwanzo. 66T ni Enduro 40 hizi mpya, 6B4 ni Enduro 15, 63V ni ile 15 nyingine na 9.9 yake. Tano zinazofuata ni kitu chenyewe: 45311 ni nyumba ya gia, 44352 ni impela. Ndiyo maana unaweza kununua impela ya mashine yako na paketi ikaandikwa mwanzo wa mashine nyingine, na ikawa sahihi. Anayeuza akikwambia "ni ya 40" mwambie akutajie hizo tatu.

Pima, rudi hapa na namba.

Bi_Dagaa_Malindi

Wanangu, mimi si fundi, mimi ni mwenye boti tatu za dagaa na ndiye ninayelipa mafundi. Niseme upande wangu.

Nahodha, hiyo gia boksi isiyo na nembo, ya nani? Namba ya mashine iko kwenye bano, pale inaposhikwa na tezi. Gia boksi haina jina la mtu. Mashine zinaibwa madikoni kila siku, wezi wanajua hilo, wanazikata vipande vipande. Usitoe pesa mkononi usiku chini ya mwembe. Mwite bwana diko (msimamizi wa diko), andikishianeni karatasi, muuzaji aseme ilitoka kwenye mashine gani na mashine yenyewe iko wapi. Akikataa umeshapata jibu lako.

Na malipo: arubuni tu mpaka iingie majini. Mimi fundi wangu huifunga boti kwa kamba mbili kwenye gati, gia mbele, ikazwe, ikojoe, robo saa. Ndipo pesa iliyobaki inatoka. Muuzaji aliyezoea haki hakasiriki.

Sisi kazi kama hii tunaifanya mbaamwezi (siku za mwezi mkali), dagaa hawavuliwi na fundi hana mtu wa kumkimbiza. Wewe abiria wako hawana mbaamwezi, najua. Azima mashine ya 15 kwa muda uvushe watu wachache wachache, kuliko kumharakisha fundi. Fundi aliyeharakishwa anasahau gaskiti ya skrubu ya oili, halafu tunarudi kwenye oili nyeupe.

Mkojani

Haya fundi, la 30 nimelipokea. Ila kwa nini asiuchomee ule ufa akaendelea? Mjini wapo wanaochoma aluminiamu kwa gesi ya agoni, kazi safi kabisa. Pezi la mashine yangu lilichomwa na liko mpaka leo.

fundi_Mkokotoni

Pezi, ndiyo. Pezi ni ubao wa aluminiamu, halibebi kitu ndani. Hata leo ukiniletea pezi lililokatika nitakwambia lichomwe.

Ufa wa nahodha umeingia kwenye mwili. Pale ndani kuna vikalio vya beringi vilivyochongwa kwa kipimo cha sehemu za mia za milimita. Ukikipiga moto, aluminiamu inavutika, kikalio kinakuwa yai, beringi ikiingia inakaa upande. Tena aluminiamu iliyokaa miaka kwenye chumvi na oili imeyanywa yote mawili, ukiichoma inatoa vitundu, unafunga hapa inavuja pale. Gundi za kuchanganya mbili mbili usinitajie kabisa kwa chombo cha abiria. Kwa kufika nyumbani, sawa.

nahodha_wa_Wete

Fundi, Bi Mkubwa, ahsanteni sana. Nimefanya yote.

Ya Mkoani imeshauzwa, kwa hiyo imejitoa yenyewe.

Ya Kichina: nilikwenda na bwana diko. Muuzaji katulia, mashine yenyewe anayo nyumbani, krenki imevunjika, namba ipo na karatasi ya kununulia ipo. Karatasi ngumu niliyochora imekaa sawa sawa, bolti, pini, maji na moshi. Splaini za juu idadi ni moja na yangu, unene ni mmoja, mgongo wake mzima. Mizunguko 10 ya propela nimepata 20, nikarudia nikapata 20. Fimbo ni ya kupanda na kushuka, upande ule ule. Propela yangu imeingia.

Tatizo ni urefu. Shafti yake ni fupi kwa yangu milimita 127, fundi kama ulikuwepo. Na fimbo ya gia nayo fupi.

Yangu niliifungua siku ile ile uliponiambia. Shafti haina kutu, imenyooka, nimeiviringisha juu ya kioo. Beringi ya mbele ina mikwaruzo. Gia ndogo ina meno mawili yenye vidonda. Gia ya mbele naona ni nzima.

Nifanyeje? Nichukue gia yao ndogo nichanganye na ya kwangu ya mbele?

fundi_Mkokotoni

Usichanganye. Gia ndogo na gia ya mbele zimesagana pamoja tangu siku ya kwanza, kila moja imeshazoea sura ya mwenzake. Ukiweka ndogo ya Kichina na kubwa ya Yamaha, hata meno yakiwa idadi moja, zitalia, na baada ya muda zitakula. Gia zako zote weka kando.

Kazi yako ni nyepesi kuliko ulivyoogopa. Nyumba yao, gia zao, beringi zao, vibaki kama vilivyo. Unahamisha vitu viwili tu: shafti yako ndefu na fimbo yako ya gia. Bomba la maji refu liko tayari kwenye mguu wako wa juu, haliguswi.

Shafti haichomoki kwa juu hivi hivi, imeshikwa chini na nati ya gia ndogo. Kwa hiyo utatoa propela, utatoa kile kikombe cha nyuma kinachobeba shafti ya propela, utatoa shafti hiyo na gia ya nyuma, ndipo unaiona nati. Kikombe kikikataa, na mashine ya baharini kitakataa, kipashe nyumba moto kwa nje taratibu huku unakizungusha. Usiingize patasi ukapiga nyundo, utaacha kovu pale inapokaa oringi na maji yatapita hapo hapo.

Shafti fupi ikishatoka, iweke pamoja na yako. Hapa ndipo uamuzi wote ulipo. Splaini za chini, zinazoingia kwenye gia ndogo, lazima zikubali bila kulazimishwa na bila kucheza. Sehemu inayokaa beringi na sehemu inayosuguana na sili (mpira wa kuzuia maji), unene uwe mmoja kwa venia. Uzi wa nati uwe mmoja. Kimoja kikikataa, usinunue, tafuta shafti ndefu ya Kichina ya mashine hiyo hiyo.

Zile washa nyembamba za shimu zilizo chini ya beringi na gia, kila moja irudi ilipotoka. Shimu ni za nyumba, si za gia wala za shafti. Kwenye Yamaha nyingi nyumba yenyewe imegongwa herufi P, F na R na namba, kila namba ni sehemu ya mia ya milimita, kuonyesha nyumba ile ilipishana kiasi gani na kipimo ilipochongwa. Ndiyo sababu nilikwambia usihamishe gia zako kwenye nyumba yao, ungelianza kuhesabu shimu upya bila vifaa. Kwa kuwa gia na nyumba zinabaki pamoja, unapona. Hata hivyo ukimaliza, shika shafti ya propela isizunguke, ukatikise shafti ya juu kwa mkono: pawe na mchezo mdogo unaousikia kwa vidole. Pasipokuwepo kabisa, kuna kitu kimekaa vibaya, fungua tena.

Nati ya gia ndogo weka mpya na gundi ya nyuzi, kaza kwa spana ya kipimo. Sili zote mpya, za shafti ya juu na za propela, usizitazame mara mbili hata zikionekana nzuri. Impela mpya. Zinki mpya.

Kabla ya oili, jaribu kwa hewa. Pampu ya baiskeli yenye saa, ifunge kwenye tundu ya juu ya oili, weka paundi 10 tu, ukizidisha unazigeuza sili mwenyewe. Itumbukize kwenye beseni kubwa uzungushe shafti zote mbili. Pakitoka povu, ujue ni wapi sasa hivi na si ukiwa Njao.

Fimbo ya gia utairekebisha ukishafunga. Mashine ikiwa huru, propela izunguke bure pande zote kwa mkono. Mbele ishike kabisa, nyuma ishike kabisa.

Bi_Dagaa_Malindi

Na bei mwanangu? Mguu mfupi hapo Wete nani anautaka? Shusha.

nahodha_wa_Wete

Nimeshusha Bi Mkubwa. Tumekubaliana laki nne na themanini, arubuni laki moja mbele ya bwana diko, iliyobaki baada ya majaribio ya kamba mbili.

Na shafti imetoka jana. Kikombe cha nyuma kilitutoa jasho mpaka magharibi, kwa moto na subira. Splaini za chini zimekubali, nati imekubali, venia imetoa namba moja kila mahali. Fundi wangu yule wa kuchonga sasa ndiye anayenikataza nisiguse shimu, kaziweka kwenye kibuyu cha plastiki kila moja na karatasi yake. Sili na impela nimemwagiza mtu anakuja na meli kutoka Unguja.

Swali la mwisho: propela iliyokunjika bawa moja, nimeinyoosha kwa nyundo juu ya gogo, inaonekana sawa. Nitumie kwa kuanzia?

fundi_Mkokotoni

Hapana. Iweke juu ya meza tambarare upime kila bawa kutoka mezani, utaona. Bawa moja likipishana, propela inatikisika, mtikisiko unakwenda kwenye sili mpya ulizoagiza na beringi ulizozinunua. Azima nzima ya pichi hiyo hiyo.

Oili ya gia ya 90 ya mashine za baharini, jaza kutoka tundu ya chini mpaka itoke ya juu bila mapovu, funga ya juu kwanza, kisha ya chini, gaskiti mpya zote mbili. Tembea nayo Fundo na kurudi ukiwa mtupu, iache ilale usiku kucha, asubuhi legeza skrubu ya chini utoe tone moja tu. Kikitangulia kitu cheupe, usipakie watu. Ikiwa safi, pakia.